Theluthi ya Damu ya Farah

Khadijo, funga mlango, chai iache hapo. Ishak, kaa mbele yangu nikuone uso. Najua kisu kiko chini ya godoro lako. Najua umeapa kwamba nikishazikwa tu utamfuata Hirsi, mtoto wa mwisho wa Warsame, umchinje mbele ya bucha ya baba yake. Basi nisikilizeni nyote wawili, kwa sababu pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema mara moja, na nimechoka na damu katika nyumba hii.

Baba yenu mdogo, Farah, aliuawa Moyale kwenye birika la kunyweshea ng'ombe. Mpwa wa Warsame alimpiga rungu la kichwa, kisha akamkanyaga shingo ndani ya maji mpaka miguu ikaacha kutapatapa. Wazee wakakaa, wakakata diya, fidia ya damu. Kwa desturi yetu diya ni ngamia, lakini nani angeswaga ngamia mia mpaka Nakuru? Wakaona ni rahisi kuitaja kwa pesa, na kwa kuwa soko la Moyale lilikuwa likihesabu kwa dola ya Habeshi wa ng'ambo ya mpaka, wakaitaja kwa dola, ilipwe hapa Nakuru Warsame akishauza ng'ombe wake. Dola moja ilikuwa shilingi mbili, hata mchunga mbuzi alijua hivyo, na hakuna aliyefikiri ni jambo la kuulizana. Tukasoma Fatiha, tukala nyama.

Huo ulikuwa mwaka wa arobaini na tisa. Mwezi wa tisa Waingereza wakashusha pauni yao, na shilingi yetu iliyofungwa mkiani mwa pauni ikashuka nayo. Habeshi hakushusha yake. Dola ikaamka asubuhi ikiwa karibu shilingi tatu! Warsame akaja hapa, kwenye mkeka huu, na gunia la shilingi alizohesabu mbili kwa dola moja. Jama, kaka yenu, Mungu amrehemu, alikuwa ametoka Moyale juma lile, anajua dola inauzwaje. Akalipiga gunia teke, shilingi zikaviringika hadi chini ya kabati. "Mmetuletea Farah bila miguu!" akasema. "Theluthi nzima mmekula!" Warsame akamjibu, "Mimi nalipa dola ya siku tuliyosoma Fatiha. Ya leo waulize Waingereza."

Wote wawili walisema kweli, wanangu, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kwamba humu chumbani hakukuwa na mwizi. Nilimshika Jama mkono. Kidole hiki kilichopinda alikivunja yeye akijinasua. Nur, mtoto mkubwa wa Warsame, alikuwa ameinama anatuokotea pesa, na Jama akamchoma shingoni, hapa, damu ikaruka mpaka kwenye ule ukuta. Marehemu mama yenu aliupaka chokaa tena na tena, na mimi bado naiona.

Watu wa Warsame wakamngoja Jama stesheni ya Longonot akipakia ng'ombe kwenye behewa. Walimkata mikono kwanza. Mwili ukarudi Nakuru chini ya kwato za ng'ombe wake mwenyewe, na nilimtambua kwa mkanda wa suruali. Polisi walipouliza, hakuna aliyeona kitu, si kwao si kwetu.

Usiniguse, Ishak, sijamaliza. Huko Elburgon siku hizi watu wanakatana mapanga, wanapigwa risasi, wanaswagwa kwenye malori, lakini ukiwauliza watakwambia ni ardhi. Wewe wakikuuliza ulimchinja Hirsi kwa nini, utasema nini? Utasema dola ilipanda?

Sasa shikeni maneno yangu. Sheria inamruhusu anayekufa kumwachia asiye mrithi theluthi ya mali yake, isizidi hapo. Theluthi yangu namwachia mjane wa Farah. Mpeni kwa mitamba, wale walioko Ndabibi, msiwauze mkampa pesa, mmesikia? Mitamba watazaa, Mwingereza aseme asemalo. Pengo la Farah nimeliziba mimi, na asisimame mtu wa nyumba hii kumdai Warsame hata senti. Theluthi mbili zinazobaki ni zenu, Ishak mafungu mawili, Khadijo moja, na chumba cha mbele ni cha Khadijo kuuzia nguo, usimfukuze ukioa.

Maji... kidogo tu. Basi.

Jana nilimtuma Khadijo kwa Warsame. Nimemwomba aje anioshe. Ndiyo, Warsame! Alilia, Khadijo alimwona. Ataniosha yeye, na Hirsi atashika ndoo amwagie maji. Kama ni lazima umchinje, utamchinja juu ya mwili wa baba yako ukiwa bado umelowa.

Mungu awape... Mungu awape watoto wasiojua habari hii. Awape mvua, awape usingizi. Nimewaridhia, wote wawili. Wewe pia, mkaidi wewe. Nimekuridhia.

Kitambaa cha sanda kiko sandukuni. Hakijakatwa. Warsame akifika... atahitaji kitu cha kukatia. Kakilete hicho kisu, Ishak. Umpe wewe. Kwa mkono wako... umtangulizie mpini.