Quincy Mwaura, Aliyerekodi Mashine ya Baba

Marehemu Quincy Kinyanjui Mwaura alizaliwa tarehe 14 Agosti 1986 hapa Kuresoi, mtoto wa pili wa Mzee Mwaura na Mama Wachuka. Mimi ninayesoma ni Lynn, dada yake mkubwa. Mtaniwia radhi sauti ikikatika. Wiki hizi zimekuwa ndefu na tumechoka.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, sekondari Molo, kisha akasomea ufundi wa umeme mjini Nakuru hadi mwaka 2008. Hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa. Mwalimu mmoja alilalamika kwamba kijana huyu anagonga dawati mchana kutwa, naye Baba akamjibu kwamba hata nyumbani meza haipumziki.

Baba alikuwa na mashine ya kusaga mahindi, ya dizeli. Ikiwashwa ilisikika hadi ng'ambo ya bonde, na akina mama walijua saa ya kuleta mahindi bila kuambiwa. Quincy, wakati huo akitengeneza spika mjini, alikuwa akija wikendi kuirekodi. Stima ilipofika sokoni wateja walihamia mashine za umeme, Baba akaiuza kama vyuma vikuukuu. Zile sauti ndizo Quincy alizozigeuza kuwa albamu ya tekno, huo muziki wa kucheza unaotengenezwa kwa mitambo. Aliiita Mashine ya Baba, ikatoka mwaka 2013. Rafiki yake Sitati aliituma Ujerumani, ikachapishwa kwenye santuri. Hadi leo kuna vijana, kuanzia Nakuru hadi Kampala, wanaozunguka kwenye gereji wakirekodi mlio wa grinda za kukatia vyuma kwa sababu yake. Mimi mwenyewe huo muziki huniumiza kichwa, lakini haki yake nampa.

Siku aliyoileta nyumbani aliweka spika mbili kubwa uani ili Baba asikie. Wimbo wa kwanza haujaisha, akina mama wakaanza kupanda mlima na mifuko ya mahindi mgongoni. Mlio waliujua. Sisi tulicheka, Baba hakucheka. Alisimama langoni akamwomba kila mmoja msamaha, akawarudisha. Walipokwisha kuondoka alimwambia Quincy, "Umenifanya nizike hiyo mashine mara ya pili." Tangu hapo muziki huo haukupigwa katika boma hili, na mtu akiutaja, Baba alitoka nje. Wanasema nabii hakubaliki kwao. Quincy alisikika kote isipokuwa kwao, na jambo hilo lilimuuma hadi mwisho.

Mwaka 2015 alimwoa Linah, binti wa Gilgil. Walijaliwa mtoto mmoja, Wachuka, aliyepewa jina la nyanya yake.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Barabara ya kwenda Nakuru kusafishwa damu tuliijua shimo kwa shimo. Alikuwa mgonjwa mpole, ila sitadanganya mbele ya kaburi: tulichoka, naye alichoka zaidi yetu. Alituacha tarehe 9 Mei 2025, Linah akiwa amemshika mkono.

Vijana waliomba albamu ipigwe hapa leo. Mchungaji alimwachia Baba uamuzi, naye Baba akasema hawezi kukubali kitu ambacho hajakisikia hadi mwisho. Jumatano Linah alimpachikia spika ndogo masikioni. Baba aliketi akasikiliza nyimbo zote saba, macho chini. Mwisho kabisa, mashine inapozimwa, kuna sauti ya mwanamume akiita: "Quincy, wacha hiyo kitu kuja ukule, chakula inapoa." Ni sauti ya Baba mwenyewe. Wazungu huyarudia maneno hayo wakicheza, bila kujua maana yake. Baba hakujua kwamba yamo. Aliomba arudishiwe hapo, kisha akaomba tena. Halafu akasema, "Kumbe nilikuwa namwita vizuri hivyo."

Kwa hiyo albamu itapigwa baada ya maombi.

Marehemu ameacha baba yake, Mzee Mwaura. Mama yake, Mama Wachuka. Mke wake, Linah. Binti yake, Wachuka. Nami dada yake. Mungu ampe Quincy pumziko, na sisi tuliobaki atupe usingizi.