Mahali Tulipokupeleka Kando ya Mto Miyombo

Mgeni rasmi, Bwana Melkizedek, mwenye kampuni ya kutembeza watalii, Mwalimu Mkuu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu. Wakubwa shikamooni, wengine habari za mchana.

KARIBU

Sisi wanafunzi wa darasa la sita tunakukaribisha tena Kisanga. Tunasema tena kwa sababu ulishafika wakati wa kiangazi, peke yako, na Landrova ya kijani na kamera shingoni. Leo umekuja kufungua njia ya watalii, kutoka Kilosa mjini kufuata mto, kuelekea Mikumi. Tumefagia uwanja tangu asubuhi, na wale wa darasa la tatu wamekatazwa kugusa gari.

HISTORIA YA NJIA HII

Nusu ya historia unaijua. Nusu nyingine anayo Mwamvua, mwenzetu, aliyekaa kiti cha nyuma siku ile. Yeye hasemi mbele za watu, kwa hiyo tunakusimulia sisi kama alivyotusimulia.

Wazee wetu wengi walikuja huku kukata mkonge. Mashamba yalipofungwa wakasogea mtoni kulima mpunga, na huko wakakutana na wanyama. Mwaka mzima kijiji kilikuwa kinamngoja bwana nyama, yule afisa wa idara ya wanyamapori, aje na bunduki, aone tunavyoharibiwa. Basi ukatokea wewe, kofia ya kaki, gari la kijani, ukauliza, "Wazee, wanyama wako wapi hapa mtoni?"

Mzee Mudathir, babu yake Mwamvua, hata jina hakukuuliza. Alipanda mbele akasema, "Twende. Tumekungoja sana." Mwamvua akapandishwa nyuma, maana macho ya babu yake hayafiki mbali.

Mkaanza na viboko, shambani kwa Mama Selestina.

"Wako wangapi, mzee?"

"Njoo usiku uwahesabu wakiwa mezani. Mpunga wa Selestina wameumaliza."

"Safi sana," ukasema, ukapiga picha.

Babu akageuka akamnong'oneza mjukuu wake, "Huyu bwana nyama ana roho gani? Mtu kaliwa mpunga, yeye anasema safi."

Mkaenda kwenye maporomoko. Babu akakuonyesha mahali daraja letu la magogo lilipokuwa kabla halijabebwa na maji. Wewe ukapiga picha maji. Mkaenda kwenye mahindi, mkakuta nyani wamekaa juu ya dungu la mlinzi, na mlinzi amesimama chini. Ulicheka mpaka ukashindwa kushika kamera. Babu hakucheka. Yule mlinzi ni shemeji yake.

Mwamvua huko nyuma alikuwa na mambo mengine. Pale barabara inapopanda kilima aliuona mto wote kwa mara ya kwanza, unazunguka mashamba, unapotea kwenye miti, unatokea tena mbali ukiwa mwembamba kama uzi. Alishangaa, maana ni mto ule ule anamochota maji kila siku. Akawaza, kumbe huyu mgeni anaona hivi? Na sisi tukiinama na ndoo, tunaona nini? Alitaka kukuuliza, mdomo ukakataa.

Mwisho mkafika panapochotwa maji ya shule. Mamba alikuwa amelala mchangani, kinywa wazi. Hapo ndipo Mwamvua akapata sauti.

"Shikamoo. Utampiga lini?"

"Marahaba. Nani, mamba? Nimpige ya nini, binti? Huyu ndiye atakayeleta watu."

Halafu babu akauliza taratibu, "Mwanangu, kwani wewe umetoka idara gani?"

"Sina idara, mzee. Nina kampuni, Morogoro. Siku hizi hata sisi watu binafsi tunaruhusiwa."

Mpaka nyumbani mzee alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake. Alikuwa amekupeleka kwenye mashtaka yetu yote, na wewe umemshukuru kwa kila moja.

MAFANIKIO

Hatusemi umekosea. Barabara umeichonga, na lori la kuchukua nyanya sasa linafika. Mama Selestina anauza chai na vitumbua kwa vibarua wako. Na sisi jioni tunapanda kile kilima kuangalia mto, tunabishana ni wapi pazuri zaidi. Zamani hakuna aliyepanda kule kama hafuati kuni.

SHIDA

Kila mahali tulipolalamika sasa pana kibao chenye picha. Kibao cha mamba kimesimama karibu kabisa na tunapotua ndoo. Tumeambiwa mamba asisumbuliwe. Yeye hajaambiwa. Mwezi uliopita alimvamia Doris wa darasa la tano. Alishika khanga, khanga ikabaki kwake, Doris akabaki kwetu, ila paja limechanika na bado haji shule.

Baba yake, Mzee Samson, amenoa mkuki. Anasema watalii wakija hawatamkuta mamba. Wazee wamemwomba atulie kwanza asikie wewe utasema nini leo. Amekaa pale mstari wa nyuma.

MAOMBI

Tunaomba kisima chenye pampu hapa shuleni, kabla gari la kwanza la watalii halijaja. Ni hilo tu. Tulikuwa tumeandika na mpira na madaftari, tukafuta. Kisima kikiwepo, mamba abaki na mto wake, watalii wako wamwone, na sisi tumwangalie tukiwa mbali. Kusema kweli hatujawahi kumwangalia bila kukimbia, na tunatamani kujua akoje.

Kwa kawaida mgeni rasmi hupewa mbuzi au shuka. Sisi tumekuwekea ndoo, hiyo hapo pembeni ya meza, ni mpya. Maji ya uji wa leo hayajachotwa. Tunakuomba uache gari, uongozane na Mwamvua kwa miguu mpaka pale mtoni, uiname, uchote. Ukirudi utuambie umeona nini. Mzee Samson amekubali kusubiri mpaka hapo.

Mungu akutangulie kwenda, akurudishe na ndoo imejaa.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Darasa la Sita,
Kisanga, kando ya Mto Miyombo.