Kona za Shuka za Sista Mashoto

Ndugu waombolezaji, aliyepaswa kusimama hapa ni mdogo wake marehemu, lakini sauti imemgomea tangu Jumanne jeneza liliposhushwa garini, hivyo ukoo umenituma mimi mwanawe niwasomee maisha ya mama yangu mkubwa, ambaye nyumbani alikuwa binti wa fundi viatu, na vitani akajulikana kwa jina moja tu, Sista Mashoto.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1956, wa kwanza kati ya watoto wawili, katika chumba cha nyuma ya karakana ya baba yake, akaanza shule Januari 1963, ambako mwalimu alimchapa mkono wa kushoto muhula mzima ili aandikie wa kulia. Wanasema samaki mkunje angali mbichi, lakini huyu aliandikia wa kulia darasani tu, kwingine kote akaendelea na wake, kwa maana ukaidi wake ulikuwa wa kimyakimya, wa kutabasamu huku hafanyi unalotaka.

Mwaka 1974 alijiunga na chuo cha uuguzi, akahitimu tarehe 30 Novemba 1977, akisifiwa kwa yote isipokuwa kutandika kitanda, kwani kona za shuka alizikunja kuelekea kushoto wakati wodi nzima inakunja kulia. Akirudi likizo, mikono ikinukia sabuni ya hospitali, alimfundisha mdogo wake kutandika hivyo hivyo, akimwambia kitanda kibaya humkumbusha mgonjwa kwamba yuko ugenini.

Alihudumu wodi namba nne kwa miaka mitano, akachumbiwa na fundi redio Desemba 1982, harusi ikapangwa, vita vikaingilia, akajitolea kwenda tarehe 3 Machi 1983. Hakujaliwa ndoa wala watoto, ingawa mama yangu husema yeye alilelewa na mama wawili, na fundi redio, aliyemsubiri miaka mitatu kabla ya kuoa kwa baraka zetu, tunaye hapa, mstari wa pili.

Hakuugua. Tarehe 2 Agosti 1984 kombora lilipiga hema la majeruhi, akawatoa wagonjwa, akarudi kumchukua wa mwisho, dereva wa lori aliyevunjika mguu, akamfikisha nje, ndipo kipande cha chuma kikampata mgongoni. Alizikwa siku hiyohiyo kando ya tangi la maji, daftari la majina likiwa limeungua, nasi tukaletewa barua ya mistari minne isiyotaja alipozikwa. Bibi akasema matanga hayaanuliwi mpaka mwanawe arudi, akakitandika kitanda chake kila Jumamosi hadi alipofariki mwaka 2001, akimwachia mama kazi hiyo kwa maneno haya, "Asije akakuta kitanda kitupu."

Dereva naye alizunguka hospitali moja hadi nyingine akimuulizia Sista Mashoto, kila karani akimjibu hakuna mtu wa jina hilo, mpaka tarehe 11 Februari mwaka jana, alipolazwa kwa maumivu ya nyonga wodi namba nne, ambako mama ni mhudumu, akatandikiwa kitanda, akaitazama ile kona, sawa na ya kitanda chake cha hemani, mzee mzima akalia. "Mama, nani kakufundisha kukunja hivi?" Yeye ndiye aliyetupeleka kwenye tangi, na saa ya marehemu, ile wauguzi hubandika kifuani, tuliikuta hapo.

Tunawashukuru madaktari walioyatambua mabaki yake, wanajeshi waliombeba na kumpigia saluti, majirani waliotupikia na kulala nasi sakafuni, na wauguzi wenzake waliobaki. Shukrani ya pekee ni kwa matroni mstaafu, ambaye kwa miaka ishirini alimgombeza mama kwa kona zake, na ambaye leo asubuhi, mama alipokuwa akitandika shuka ndani ya jeneza, alisogea bila kuitwa, akashika upande wa pili, akakunja kushoto.

Matanga yanaanuliwa leo. Kitanda chako tumekitandika, Sista, sasa jipumzishe, amani iwe nawe.