Warsha Iliyoendelea Bila Mama Duara

Baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na mmoja, Mkuu wa Kitengo cha Mafunzo anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi huu. Kwenye barua ana cheo hicho kirefu. Kwenye korido anaitwa Mama Duara, kwa kuwa hakuna mtu hapa aliyewahi kufundishwa naye huku akitazama kisogo cha mwenzake.

Alianza kazi akiwa muuguzi wa wodi ya upasuaji, na angebaki huko kwa raha zake kama uongozi usingegundua kwamba ana sauti kubwa. Wakati ule, sauti kubwa ndiyo iliyokuwa sifa ya mkufunzi. Alipelekwa kozi ya namna ya kufundisha watu wazima, akarudi na moto wake, na mwezi huohuo akaandaa warsha ya kwanza kwa wauguzi wakuu. Mada ilikuwa madhara ya kuwahutubia watu wazima. Aliwahutubia kuanzia asubuhi hadi jioni. Waliokuwepo wanasema ilikuwa hotuba nzuri sana, ingawa wengi waliisikia mwanzo na mwisho tu, maana katikati walikuwa wamelala. Mama Duara mwenyewe hukisimulia kisa hiki kila mwaka, na kila mwaka idadi ya waliolala inaongezeka.

Aibu ile ilimgeuza. Tangu hapo hakuandaa somo lolote kabla ya kwenda wodini, kufunga aproni na kutandika vitanda pamoja na watu atakaowafundisha, akiwauliza kinachowashinda ni nini. Ukimpelekea mpango wa warsha, swali lake lilikuwa moja: huyu mshiriki kesho yake ataweza kufanya nini ambacho leo hakiwezi? Ukijibu kwamba “ataelewa”, ulirudishiwa karatasi yako kwa tabasamu. Wapo mabingwa wa upasuaji ambao hadi leo hawajalisamehe tabasamu lile.

Wageni wanapaswa kujua kwamba chumba chetu cha mafunzo kiko ubavuni mwa jenereta, na kwamba ndani yake kumepiganwa vita virefu. Mfanyausafi wetu ni mtu mpole anayependa mistari iliyonyooka. Kila jioni alivipanga viti safu kwa safu kama vya ukumbi wa mitihani, na kila asubuhi Mama Duara alivirudisha kwenye duara. Hawakuwahi kugombana wala kuligusia jambo lenyewe. Walisalimiana kwa heshima, wakaulizana hali za wajukuu, kisha kila mmoja akaenda kuharibu kazi ya mwenzake.

Mkurugenzi wetu naye ana kipaji cha kufungua warsha. Hotuba yake huanzia jiwe la msingi la hospitali na kushuka taratibu hadi kwenye mada, ikibahatika kufika. Mama Duara hakumnyima haki hiyo hata siku moja. Alimpangia tu ufunguzi saa nne, akaanza darasa saa mbili. Kwa miaka mingi mkurugenzi amekuwa akifungua warsha zilizokwishafika katikati, akifurahi kukuta washiriki wamechangamka na kuamini kwamba wamechangamka kwa ujio wake. Kama ndiyo kwanza anayasoma haya, tunaomba radhi.

Mwaka huu mambo yalikuwa mazito. Uongozi uliamua kwamba Mama Duara akiondoka, kitengo kifungwe, chumba kiwe stoo ya magodoro, na wahudumu wapya wa wodi wawe wanatazama mafunzo yaliyorekodiwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba hakuna wa kuziba pengo lake. Yaani alisifiwa mpaka kazi yake ikachungulia kaburi. Hakubishana. Aliomba siku moja tu: wahudumu waongoze warsha wenyewe, mkurugenzi awe mshiriki, na yeye akae nje. Ikiharibika, magodoro yaingie.

Mimi, msaidizi wake, nilikuwemo chumbani. Somo lilikuwa namna ya kumtoa mgonjwa kitandani na kumkalisha kwenye kiti cha magurudumu, na mkurugenzi aliombwa awe mgonjwa. Wahudumu wawili wapya walimkamata mmoja kwapani, mwingine miguuni, bila hata kumsalimu, na mkubwa wetu alisikika akisema, “Jamani, mnanipeleka wapi?” Mama wa makamo aliyekuwa akiongoza, mhudumu wa wodi ya wazee, hakuwakemea. Alimuuliza mgonjwa amejisikiaje. Mgonjwa alijibu kwa kirefu, kama ilivyo kawaida yake, ila safari hii kila neno lilikuwa na kazi. Vijana walirudia, wakimweleza kila wanachotaka kufanya, mpaka wakamkalisha kama yai. Alikataa kushuka. Alitaka na wengine wamjaribu. Jioni ile magodoro yalitafutiwa kwingine, na mama yule wa makamo ndiye atakayekiongoza kitengo.

Somo likiendelea, Mama Duara hakuyajua hayo yote. Alikuwa kwenye benchi nje, jenereta linanguruma, hasikii chochote. Alivumilia hadi wakati wa chai, kisha akashindwa, akausukuma mlango kidogo. Nilimwona. Wengine wote walikuwa wamemwinamia mgonjwa, wakibishana mkono ushikwe wapi, na hakuna aliyegeuka. Miaka yote alitufundisha kwamba mkufunzi aliyefaulu ni yule anayeweza kutoka chumbani kazi ikaendelea. Aliurudisha mlango polepole. Nilipomfuata nilimkuta analia. Nilimuuliza kama ni furaha au ni uchungu, akanijibu kwamba hajui, na nisimpangie.

Mama, kwa niaba ya wafanyakazi wote, ahsante kwa kila uliyemfundisha na kwa kila mgonjwa aliyeshikwa vizuri kwa sababu yako. Tunakutakia afya njema, usingizi mrefu wa asubuhi na wajukuu wanaosikia. Kazi tutaiweza bila wewe, hilo ulilihakikisha. Kuzoea kutokukuona ukiingia asubuhi ndiko ambako hukutufundisha, na hakuna hata mmoja wetu anayejua pa kuanzia.