Ishara Isiyorudishwa

Jumamosi asubuhi mji wa Harkey, Texas, ulikaa kama nyumba yenye msiba. Jana yake vijana wa shule walifungwa sekunde za mwisho katika mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na kudaka kwa mikono. Mlinzi wa nyuma alipaza sauti kubadilisha ukabaji: waache kulinda maeneo, kila mmoja amkabe mtu wake. Mlinzi wa pembeni akabaki kwenye eneo lake, na mtu wake akapita peke yake, akadaka mpira kama anayepokea mkate dukani. Sasa wazee watatu walikuwa kwenye benchi nje ya duka la chakula cha mifugo, kila mtu na kahawa yake. Dub ndiye mwenye duka. Harlan alikuwa mlinzi wa nyuma wa shule hiyohiyo mwaka 1988. Ordell alicheza pembeni yake, na tangu walipopoteza fainali ya mwaka ule, kwa kosa kama hilo la jana, mji mzima unamwita Kiziwi.

— Ni matarumbeta, Dub alisema. Bendi ikipiga vile, hata ng'ombe hamsikii ndama wake.

— Bendi ilikuwepo tangu enzi zetu, Harlan alisema. Ni hizi helmeti mpya. Zina godoro ndani. Unamvika mtoto kitanda kichwani, halafu unataka asikie.

— Na ile mitambo ya umeme wa upepo kule kilimani je? Inakatakata sauti. Unapiga kelele "mtu", mwenzako anapata "m".

— Wewe Dub, kahawa yako ina nini leo? Ordell aliuliza.

— Nyamaza, Kiziwi. Wewe hata hiyo "m" hukuipata.

Ordell akacheka, kama alivyozoea kucheka. Harlan alipuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

Mwalimu Treviño, mgeni mjini, alikuwa ametoka dukani na mfuko wa chakula cha kuku. Alisimama.

— Samahani wazee, mpira huu siujui. Anayebadilisha anajuaje kwamba mwenzake amepata?

— Mwenzake anagusa helmeti yake, Ordell alimjibu. Asipogusa, unaomba mchezo usimame.

— Na jana aligusa?

Dub alimtazama Harlan. Mji mzima ulikuwa uwanjani, na mji mzima ulikuwa unautazama mpira.

— Hilo, mwalimu, hatukuliangalia, Dub alisema.

Harlan aliweka kikombe chini. Maneno haya alikuwa ameyapanga mara nyingi, kanisani, juu ya trekta, na kila mara yalikuwa marefu zaidi.

— Ordell hakugusa, alisema. Mwaka ule wetu. Nilipaza sauti, nikamwangalia, nikaona hajagusa. Nikaona aibu kusimamisha fainali. Baadaye nikawaambia watu nilimwita, hakusikia.

Ordell alichungulia kikombe chake.

— Mwaka ule mama alinipeleka mjini Abilene, alisema. Kwa daktari wa masikio.

— Akasemaje? Dub aliuliza, kwa sauti ndogo.

— Kwamba nasikia vizuri. Mama hakumwamini. Akanipeleka kwa mwingine.