Hunter Haikulia

— Haikulia!

— Si ndiyo nasema haikulia? Kwani nimebisha?

— Unabisha sababu, mama. Mimi nasema rubani kaogopa, wewe unaing'ang'ania injini.

— Kaogopa nini? Kailaza ndege juu ya mnara mpaka nikaliona tumbo lote! Huyo ndiye mwoga?

Hao ni Kamanda na Bibi Flaski, kwenye benchi la kibanda ninachouzia chai, pale kona ambapo barabara ya kijiji chetu cha Lincolnshire, Uingereza, inaishia kwenye uzio wa uwanja wa ndege. Kamanda ni mzee Desmond Thackray. Hajawahi kumwamuru mtu, ila ujanani alikuwa fundi wa injini za Hunter jeshini. Bibi Flaski ni Hilda Cropper, anayekuja kwenye kibanda cha chai na chai yake mwenyewe ndani ya flaski. Wa tatu ni Radar, mwenye miwani minene kama kitako cha chupa. Niliacha shule mwaka jana mama alipougua, na hawa ndio walionifundisha kwamba Hunter, ndege ya kivita ya zamani, ikishuka kwa kasi, upepo hupita kwenye matundu ya mizinga yake na kutoa kilio kirefu ambacho hakuna ndege nyingine iliyo nacho. Hii ya uwanja wetu kesho inavutwa kwenda jumba la makumbusho, haitaruka tena. Kamanda alikuwa ameingoja siku ya leo kiangazi kizima.

Benchi hili lina sheria: Hunter husikilizwa kwa masikio matupu. Ilipochomoza chini ya mawingu, wote watatu walichomoa masikioni mashine zao za kusaidia kusikia, wakaziweka kwenye sahani yangu ya biskuti, wakatoka wakasimama mvuani bila kofia. Ndege ikaja chini inameta, ikalala ubavu, ikakata kona kama mbayuwayu, ikapanda. Nywele zilinisimama. Ililia. Ililia mpaka vioo vya kibanda vikatetemeka. Nikageuka nione furaha yao, nikawakuta wamekunja nyuso, bado wanangoja.

Sasa wamerudi ndani, mashine ziko masikioni, wanatafuta mchawi.

— Wameziba matundu, Radar akasema. Watu wa makumbusho hawataki panya waingie.

— Wewe Radar hata ndege yenyewe hukuiona!

— Niliiona kabla yenu wote!

— Uliona kunguru.

— Ni mafuta, akasema Bibi Flaski, akijimiminia chai yake. Debe tupu haliachi kuvuma. Leo wameijaza pomoni, itavuma vipi?

— Na ngoma ivumayo haidumu, Radar akadakia. Wameinyamazisha makusudi, ili idumu.

— Idumu kwa kazi gani? Kupigwa picha na watoto?

— Basi ni hewa. Hewa ya siku hizi imekonda, haibebi sauti. Hebu niambieni, kengele za kanisa mnazisikia kama zamani?

— Mimi sizisikii kabisa, Bibi Flaski akakubali. Nilidhani wameacha kuzipiga.

— Umeona? Hewa!

Nilifuta meza ambayo ilikuwa imeshafutwa. Kengele zilipigwa Jumapili, kama kila Jumapili.

Chai ya Kamanda ilikuwa imeshika utando juu. Alikuwa ameinamia mikono yake, ile mikono iliyofunga na kufungua injini hizo miaka ile ambayo hakuna aliyewapa mafundi vitu vya kuziba masikio.

— Sikutaka kikubwa, alisema. Mara moja tu. Nikisikie kile kilio, niende nacho.

— Uende wapi, Desmond? Acha uchuro.

— Ninyi mnajua niendako.

Radar akavua miwani, akaifuta kwa shati. Kisha Kamanda akainua uso, akanitazama mimi.

— Tamsin, binti yangu. Wewe una masikio mapya. Niambie ukweli. Ililia?

Nilishika kitambaa kwa mikono miwili. Nilimwona Bibi Flaski akinikazia macho, akitikisa kichwa polepole. Nikafungua mdomo, na kabla neno halijatoka, mlango ukasukumwa. Alikuwa mama mmoja wa zile nyumba mpya nyuma ya kanisa, simjui jina, amelowa, anahema, uso wake unang'aa.

— Samahani jamani, alisema pale mlangoni, ile ndege iliyopita inalia vile, itarudi saa ngapi? Mume wangu alikuwa anaoga, hakuisikia.