Arobaini Niliyokalishwa Mkekani

Jina la Bwana litukuzwe, ndugu zangu! Itikieni vizuri, maana leo nimeogopa kusimama hapa kuliko siku yoyote. Mchungaji amenipa dakika kumi. Mnanijua: mimi ni Mama Mwende, fundi cherehani wa mtaa huu wa Galbet, mwanamke wa maneno mengi. Nitajitahidi.

Wengi wenu mlijua kwamba Mwende analelewa na mamangu kule Mwingi kwa sababu ya joto la Garissa. Ndivyo nilivyowaambia. Ndugu zangu, haikuwa joto.

Nilijifungua wakati Baba Mwende amepelekwa kufundisha shule ya Bute, mbali kule Wajir, na likizo bado ilikuwa mbali. Nilirudi nyumbani na mtoto, nikamlaza kitandani, nikamtazama. Sikuhisi kitu. Wenzangu walikuwa wameniambia kwamba mapenzi huja yenyewe, maziwa yakishuka na moyo unashuka. Maziwa yangu yalishuka, moyo ukabaki hukohuko juu. Kisha nikaanza kumwogopa mtoto. Akilia, nilitoka nje nikasimama kando ya tangi la maji mpaka anyamaze. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mimi nilizaa na sikuujua, nikaona basi mimi si mzazi, ni kitu kingine kibaya. Hata kuomba niliacha. Ningemwambia nini Mungu, kwamba zawadi yake inanitisha?

Mtoto alipofika miezi mitatu, mamangu alikuja kututembelea. Sikumwambia neno, lakini alimtazama mtoto, akanitazama na mimi, akaelewa. Akarudi Mwingi na Mwende mgongoni. Nilipowasindikiza stendi nilihisi nafuu! Nasema kweli mbele za Mungu: nafuu. Na hiyo nafuu ndiyo iliyonitesa miaka sita. Nilimshonea nguo nikazituma, na kila mara zilikuwa ndogo, kwa sababu nilimpima kwa kukisia.

Baadaye Baba Mwende alihamishiwa hapa mjini, akaanza kusema, "Tumchukue mtoto." Nikasema joto. Nikasema shule za Mwingi ni nzuri. Mwaka jana akachoka na visingizio vyangu, akasema likizo ya Desemba mtoto anakuja kukaa, nipende nisipende. Ndugu zangu, niliingiwa na hofu. Nilijua mtoto atanitazama mara moja tu, na atajua kwamba sikumtaka.

Wakati huohuo akaja binti mmoja, Nimo, mzaliwa wa hapahapa, aliyesomea maigizo. Alikuwa akiwakusanya kina mama kwenye ukumbi wa mtaa, Waislamu kwa Wakristo, watengeneze igizo juu ya umama kutokana na maisha yao wenyewe. Mimi niliitwa kushona mapazia tu! Lakini umbea ni kitu kibaya. Nilikuwa napima kitambaa huku masikio yangu yako kwao, na wiki ya pili nikajikuta nimeketi mkekani pamoja nao.

Utaratibu wao ulikuwa hivi. Hakuna aliyeigiza maisha yake mwenyewe. Ulikaa mkekani ukasimulia, kisha wenzako wakainuka wakayaigiza, nawe ukatazama. Wakikosea, unasema "Simama," unawarekebisha, wanaanza tena. Mama mmoja wa Habaswein alijifungua juu ya lori la mbuzi, na walipoigiza wale mbuzi tulicheka mpaka tukashika mbavu. Yeye mwenyewe alicheka, halafu akalia, halafu akacheka tena.

Zamu yangu ilipofika, nilisimulia nusu. Nilisema mume alikuwa mbali, nikawa peke yangu, mtoto akilia natoka nje kwa uchovu, hakuna mtu aliyebisha mlango wangu, ndipo mtoto akaenda kwa nyanyake. Hayo ya "hakuna aliyebisha" nilikuwa nimeyasema mara nyingi, hata mimi nikayaamini.

Aliyechukua nafasi yangu ni Mama Abdi, jirani yangu Msomali tuliyetenganishwa naye na ua wa mabati. Alikunja leso mbili zikawa mtoto, akaketi. Nimo akamwambia ainuke, atoke nje mtoto anapolia, kama nilivyosimulia. Mama Abdi hakuinuka. Akauliza, mzazi wa siku kumi atoke aende wapi? Kwao mwanamke akijifungua hukaa ndani siku arobaini. Hapiki, hafui, hachoti maji, wenzake wanamhudumia. Na kabla Nimo hajajibu, mmoja alikuwa ameshaweka ubani wa kujifanya pembeni, mwingine anamkanda miguu, mwingine anamnywesha supu kwenye kikombe kitupu, na zile leso zinapita mkono kwa mkono zikiimbiwa. Walikuwa wamesahau kabisa hadithi yangu! Hawakufanya mzaha. Mikono yao ilijua namna moja tu ya kumtendea mzazi.

Ningeweza kucheka. Badala yake nilipiga kelele. "Simama! Mmekosea. Hakukuwa na mtu!"

Wakasimama. Mama Abdi akanitazama, leso bado ziko kifuani pake. Akasema polepole, kwa Kiswahili chake kisichojua "p", "Abaayo, dada yangu, mimi nilikuja. Siku ya tatu, na subu ya mbuzi. Nilibiga mlango, nikabiga tena. Wallahi, nilisikia mtoto nalia ndani."

Ndugu zangu, ilikuwa kweli! Nilikuwa nyuma ya mlango. Niliona kivuli cha miguu yake chini ya mlango, nikazuia pumzi mpaka akaenda zake. Nilijiambia hawa si watu wetu, nitakulaje chakula chao. Huo nao ulikuwa uongo, kwa sababu dada wawili wa kanisa hili walikuja siku ya tano, na hao niliwaambia kupitia dirisha kwamba ninaumwa kichwa. Mko hapa, mnakumbuka. Nisameheni. Sikutaka mwanamke yeyote aone jinsi ninavyomshika mtoto wangu.

Nikayasema yote palepale. Nikasema, "Sikumpenda. Nilimwogopa." Nikainamisha kichwa, nikingoja waondoke mmoja mmoja.

Mama Abdi akaja akaketi karibu nami. "Hata mimi," akasema. "Ule mtoto wa bili. Miezi mitatu sikutaka kuona yeye. Lakini watu walikuwa kwa nyumba, walishika yeye mbaka mimi nikaweza."

Mpaka mimi nikaweza! Ndugu zangu, hapo ndipo Bwana aliponifungua. Kwa miaka sita nilidhani ninaumwa ugonjwa usio na jina, ambao Mungu alinipa mimi pekee. Kumbe mama wa watoto watano, anayesifiwa mtaa mzima, alipita palepale, na tofauti yetu ni kwamba yeye alishikiwa. Nililia kama mtoto. Wakanilaza mkekani, mimi mwenyewe sasa, wakanikanda miguu, na safari hii mmoja alitoka akaleta supu ya kweli. Nikanywa. Na kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita nikaomba, kwa sauti, katikati ya wale kina mama, na wao wakaitikia amina.

Nimo aliuliza kama turekebishe igizo. Nikamwambia aliache na kosa lake. Siku ya onyesho, watu wa Garissa waliliona hivyohivyo.

Mwende alikuja Desemba, mamangu akamsindikiza akae naye mpaka azoee. Sitawadanganya. Alinipa mkono kama mgeni, akaniita "Mama wa Garissa." Niliumia, lakini sikukimbia. Nilimwogesha, nikamsuka, nikajifunza kwamba hapendi maharagwe. Siku zingine hofu ilirudi, nikaenda kwa Mama Abdi nikamwambia bila kuficha.

Wiki ya tatu, asubuhi, Mwende alikanyaga mwiba uani. Akaita, "Mama!" Tukainuka wawili, mimi na mamangu. Mamangu akanitazama, kisha akaketi tena kwenye kiti chake. "Nenda," akasema. "Anakuita wewe."

Asante Mungu! Asante kwa mamangu, na kwa Mama Abdi, ambaye hayupo hapa leo lakini Mungu anamjua. Na wewe mama uliyeketi hapa, unamtazama mtoto wako na moyo haujashuka, mficha uchi hazai. Sema. Mtegemee Bwana, na akikuletea mtu mwenye supu, mfungulie.

Nilitaka Mwende asimame mumwone, lakini amejificha chini ya benchi. Mwacheni. Akiona haya hufanya hivyo, atatoka mkianza kuimba. Ni mwanangu, namjua.